Sura ya Sita: Jua Lina Kiu Kuliko Mfalme

Mwanzoni mwa miaka ya 1870, jeshi la Ufaransa lilimtuma kapteni mmoja, François Élie Roudaire, kupima ardhi ya kusini mwa Algeria ili ramani ya koloni ikamilike. Kazi ya mpimaji inachosha. Unasimika fito, unachungulia kwenye darubini, unaandika tofauti ya kimo, unasogea mbele kidogo, unaanza upya. Roudaire aliendelea hivyo mpaka akafika Chott Melrhir, bonde la chumvi ambalo kiangazi hung'aa kama bati jipya. Alipojumlisha hesabu zake akakuta kwamba yeye, farasi wake na mahema yake walikuwa chini ya usawa wa bahari. Na bahari yenyewe ilikuwa mbali, mamia ya kilomita.

Mabonde ya namna hiyo, ambayo wenyeji huyaita shatt na Wafaransa wakaandika chott, yamejipanga kama shanga kutoka kusini mwa Algeria hadi karibu na Ghuba ya Gabès nchini Tunisia. La mwisho kuelekea baharini ni Chott el-Jerid, kubwa kuliko yote. Mwaka 1874 Roudaire alichapisha makala katika jarida la Revue des Deux Mondes akiomba jambo moja: ukatwe mfereji kutoka Gabès, Bahari ya Mediterania iingie jangwani. Ferdinand de Lesseps, aliyekuwa ametoka kuufungua Mfereji wa Suez miaka mitano tu nyuma, akamuunga mkono.

Roudaire hakudai kwamba anaumba kitu kipya. Alidai anarudisha kilichokuwapo. Herodotus, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 5 K.K., alitaja ziwa kubwa la Libya liitwalo Tritonis, akasimulia jinsi merikebu ya Jason ilivyosukumwa na upepo ikanasa kwenye maji yake ya kina kifupi. Kwa Roudaire, ziwa hilo lilikuwa ndiyo hayo mabonde: palikuwa na bahari, mchanga ukaziba mlango, basi mlango ufunguliwe. Ushahidi mwingine ulikuwa chaza wadogo waliozikwa katika udongo wa mabonde. Shida ni kwamba chaza wa aina hiyo hustahimili pia maziwa ya chumvi ya bara, ambako ndege wanaweza kuwafikisha. Wanajiolojia walimpinga, na mpaka leo hoja yao ndiyo imesimama.

Lakini ndoto ya Roudaire ina pacha wake, na huyo hajazikwa. Ni swali hili: kama mzungu mmoja mwenye darubini aliweza kuiwazia kazi hiyo, je, watu waliojenga piramidi na bandari za Carthage hawakuiweza? Huenda wafalme wa kale walikwisha kukata mifereji, wakayajaza maji ya bahari mabonde ya chumvi ya jangwani, kisha zama zao zikapita na maji yakapita nao?

Swali hilo si la kuchekwa. Lina majaribio matatu, na kila moja linaweza kupimwa: kujua bonde liko chini, kuchimba, na kulisha. Watu wengi huishia kwenye la pili.

Kujua bonde liko chini

Jicho halioni usawa wa bahari. Mtu akisimama ukingoni mwa Chott Melrhir haoni dalili yoyote kwamba yuko shimoni, anaona uwanda. Ili kujua, sharti abebe usawa wa bahari kutoka pwani, kipimo kwa kipimo, na kila kipimo kinaongeza kosa lake.

Wahandisi wa kale hawakuwa mbumbumbu. Warumi walikuwa na chorobates, ubao mrefu kama benchi wenye mfereji wa maji juu yake, na kwa vifaa vya namna hiyo walipitisha mabomba yao kwenye mteremko mdogo ajabu. Hata hivyo walikosea, tena Algeria hiyohiyo. Katikati ya karne ya 2 B.K., mji wa Saldae, ambao sasa ni Béjaïa, ulitaka kupitisha maji chini ya mlima kwa njia ya urefu wa takriban mita 430. Mpimaji wa jeshi, Nonius Datus, aliweka alama, akaondoka. Vikosi viwili vikaanza kuchimba kila kimoja upande wake wa mlima, na kila kimoja kikapotea kuelekea kulia. Urefu wa njia walizochimba ulikuwa umeshazidi upana wa mlima, na bado walikuwa hawajakutana. Datus akaitwa arudi. Kisa chote alikiandika mwenyewe kwenye jiwe, na juu yake yamechongwa maneno matatu: Subira, Ujasiri, Matumaini.

Hapo ni mita 430. Kutoka Gabès hadi Melrhir ni mamia ya kilomita.

Misri nako hofu ya usawa iliwatesa wakubwa kwa karne nyingi. Aristotle aliandika kwamba Dario wa Uajemi aliacha kuchimba mfereji wa kwenda Bahari ya Shamu baada ya kuambiwa kwamba bahari iko juu kuliko nchi, na kwamba ikiachiwa itauharibu mto. Pliny, Mrumi wa karne ya 1 B.K., akataja kiasi kabisa: dhiraa tatu. Tusiwacheke. Wahandisi wa Napoleon walipopima mwaka 1799 walipata kwamba Bahari ya Shamu iko juu ya Mediterania kwa karibu mita 10. Walikosea. Ilibidi kungoja hadi 1847 kupata vipimo vilivyoonyesha kwamba bahari hizo mbili ziko karibu sawa.

Roudaire mwenyewe alinaswa papo hapo. Alipofika Tunisia mwaka 1876 akakuta kwamba Chott el-Jerid, lile bonde kubwa lililo karibu na bahari, liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 10. Mabonde yaliyo chini, Melrhir na Gharsa, yako nyuma yake. Mfereji aliodhani utakata kigongo cha pwani tu, sasa ilibidi uvuke na ziwa lenyewe.

Kwa hiyo jaribio la kwanza lilikuwa gumu mno kwa mtu wa kale. Angeweza kubahatisha; kujua hakukuwa rahisi.

Kuchimba

Hapa ndipo watu wa kale wanapostahili heshima kuliko wanavyopewa.

Xerxes, mwana wa Dario, alipokwenda kuipiga Ugiriki aliamuru shingo ya rasi ya Athos ikatwe, karibu kilomita 2, ili merikebu zake zisipite kwenye tufani. Herodotus anasimulia kwamba makabila mengine yalichimba kuta wima, juu na chini upana mmoja, na kuta zikawaporomokea, wakafanya kazi mara mbili. Wafoinike peke yao walianza na upana maradufu juu, wakawa wanapunguza kadiri wanavyoshuka, na ukuta wao haukuanguka. Zamani wapo waliodhani ni hadithi. Wanasayansi wa kizazi chetu walipopima ardhi ya mahali hapo waliukuta mfereji, umefukiwa, na upana wake wa juu ni kama mita 30. Nao Wafoinike ndio walioijenga Carthage, mlango wa pili kutoka Gabès. Ujuzi wa kuchimba ulikuwapo pale pale.

Farao Neko, yule ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kwa kumuua Mfalme Yosia, alianza mfereji kutoka mto Naili kuelekea Bahari ya Shamu. Herodotus anasema watu 120,000 walikufa katika kazi hiyo. Idadi hiyo pengine imetiwa chumvi, lakini inaonyesha kazi hiyo ilikumbukwaje. Dario aliendeleza, na licha ya maneno ya Aristotle, yapo mawe aliyoyasimika kando ya njia ya mfereji yanayotangaza kwamba ulichimbwa na merikebu zikapita. Naye Kaisari Claudius, kwa maneno ya Suetonius, aliwaweka watu 30,000 kwa miaka 11 wapasue mlima katikati ya Italia ili wakaushe ziwa Fucino. Njia hiyo ya chini kwa chini ina urefu wa zaidi ya kilomita 5.

Sasa tufanye hesabu ya fundi, ya makadirio tu. Chukua mfereji wenye upana wa mita 30 chini, kuta zenye mlalo ili zisiporomoke, kina cha wastani mita 25 kwa sababu ya kigongo cha Gabès na mwinuko wa Jerid, urefu kilomita 170. Udongo wa kutolewa unakaribia mita za ujazo milioni 300. Mfereji wa Suez ulitoa kama milioni 75. Mtu mwenye jembe na mwenzake mwenye kikapu wakitoa kwa wastani mita moja na nusu kwa kila kichwa kwa siku, watu 50,000 wakifanya kazi siku 250 kwa mwaka wangemaliza kwa miaka 15 hivi.

Miaka 15. Mfalme mwenye nguvu na roho ngumu angeweza kuianza kazi na kuiona ikiisha. Hesabu hiyo, hata hivyo, imeyafumbia macho matope. Chini ya ukoko wa chumvi wa Jerid kuna tope zito lililoshiba maji, na kila shimo unalochimba hujaa kabla hujanyoosha mgongo. Kuyachota kwa shadufu mchana na usiku, kilomita baada ya kilomita, kungeongeza miaka na makaburi. Bado siwezi kusema kazi hiyo haiwezekani. Kwenye bonde la Qattara, Misri, ndipo ningesema hivyo. Bonde hilo liko chini sana, mita 133 mahali pa kina zaidi, lakini kati yake na bahari kuna kilomita zisizopungua 50 za nyanda zenye kimo cha hadi mita 200. Hapo usingekata mfereji. Ungepasua mwamba mara kumi ya kazi ya Claudius. Katika karne ya 20 kulitokea mhandisi wa Kijerumani, Friedrich Bassler, aliyependekeza njia hiyo ifunguliwe kwa mabomu ya nyuklia.

Kulisha

Aliyekulia karibu na majaruba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, au ya Pemba, anaijua fizikia ya sura hii kuliko Roudaire. Maji ya bamvua huingizwa kwenye jaruba la kwanza, mlango ukafungwa. Jua na upepo vinafanya kazi. Maji yakipungua na kuwa mazito husogezwa jaruba la pili, kisha la tatu, mpaka la mwisho ambapo chumvi inaganda na watu wanaikwangua. Jaruba halihitaji ila vitu vitatu: bahari ya kuingia, jua kali, na kutokuwa na njia ya kutokea.

Mfereji ukikatwa, Chott Melrhir litakuwa na vyote vitatu.

Bahari aliyoiota Roudaire ingekuwa na eneo la kilomita za mraba kama 8,000. Jua la huko tulipe kiwango cha wastani tu, milimita 5 za maji kwa siku. Ni kina cha kucha ya kidole, unaweza kukidharau. Kitandaze juu ya eneo lote hilo: ni mita za ujazo milioni 40 kila siku, yaani zaidi ya 460 kwa kila sekunde. Hayo ni maji ya kubakia palepale, hata kabla hujajaza chochote.

Mfereji wa kale ungeweza kuleta kiasi gani? Pliny alitaja vipimo vya mfereji wa Farao Ptolemy wa Pili kuelekea Maziwa Machungu ya Misri: futi 100 kwa upana, 30 kwa kina. Ni kama mita 30 kwa 9. Maji yakienda nusu mita kwa sekunde, mwendo wa mzee mwenye mkongojo, yanapita mita za ujazo 135 kwa sekunde. Hayafiki hata theluthi ya kinachohitajika. Mfereji huo bora kuliko yote ya zamani ungeijaza bahari yetu mpaka ifikie kilomita za mraba 2,300 hivi, na hapo ingesimama. Kila tone linaloingia lingeenda juani, daima.

Na kwa jua huenda maji peke yake. Chumvi inabaki. Tuseme bahari hiyo ina kina cha wastani cha mita 20. Kwa milimita 5 kwa siku, jua linanyonya mita 1.8 kwa mwaka na mfereji unarudisha mita 1.8 nyingine pamoja na chumvi yake, kilo 38 hivi kwa kila mita ya ujazo. Baada ya miaka 11 bahari imekuwa na chumvi maradufu. Baada ya miaka 22, mara tatu, na samaki wa Mediterania wamekufa. Mtoto aliyezaliwa siku mlango ulipofunguliwa, akijaliwa miaka 90, ataona chumvi ikianza kutuama chini, na kuanzia hapo, ijapokuwa maji mazito hukauka polepole zaidi, itajipanga kwa kiasi cha sentimita 2 au 3 kwa mwaka. Karne kadhaa mbele bonde litakuwa limejaa tena, safari hii kwa chumvi tupu. Mfalme aliyetaka bahari ameacha jaruba.

Roudaire alijibu kwamba maji yakikauka yataleta mvua, na mvua italeta mashamba. Anayeijua Jeddah au Maskati anajua jibu. Miji hiyo imekaa mdomoni mwa bahari tangu ianze, na milima iliyo nyuma yake bado ni mikavu.

Wala hatuhitaji kumwamini mwandishi na kalamu yake. Maumbile yamekwisha kulifanya jaribio hili. Djibouti liko ziwa Assal, jina ambalo kwa sikio letu linasikika kama asali, mita 155 chini ya usawa wa bahari. Maji ya bahari yanapenya kwenye nyufa za miamba kutoka ghuba iliyo umbali wa kilomita chache, yanatokea ziwani, yanakauka. Matokeo yake ni maji yenye chumvi mara kumi ya bahari na uwanda mweupe ambao misafara ya Waafari ilibeba chumvi yake kwenda Ethiopia kwa vizazi. Hakuna aliyechimba mfereji pale. Ardhi ilijichimbia, bahari ikaitikia wito, na jua likalipwa kwanza.

Maziwa Machungu

Na bado jibu la swali letu la mwanzo ni ndiyo, kwa nusu. Mfereji wa kale ulipata kulijaza ziwa la chumvi la jangwani. Strabo, aliyefika Misri mwishoni mwa karne ya 1 K.K., anaandika kwamba yale maziwa yaliyo kati ya Naili na Bahari ya Shamu zamani yalikuwa machungu, lakini mfereji ulipokatwa yalichanganyika na maji ya mto, yakabadilika, na katika siku zake yalikuwa yamejaa samaki na ndege.

Soma tena kwa makini. Maji yaliyoingia yalitoka mtoni, matamu. Na ziwa halikuwa kikomo cha safari yake: mfereji uliendelea mpaka Bahari ya Shamu. Maji yaliingia upande mmoja, yakatoka upande wa pili, na yalipotoka yalichukua uchungu nayo. Ziwa lenye mlango wa kutokea hujisafisha. Lisilo nao hujipika.

Hata ziwa hilo lilidumu kwa jasho. Tope la Naili liliziba mfereji kila mara usimamizi ulipolegea. Trajan wa Roma aliuchimba upya. Amr bin al-As, baada ya kuifungua Misri zama za Khalifa Umar, aliuchimba tena ili nafaka ifike Madina kwa merikebu, ukaitwa Mfereji wa Amiri wa Waumini. Mwaka 767 Khalifa al-Mansur akauziba. Mchanga ukarudi kazini, na maziwa yakakauka.

Wahandisi wa de Lesseps walipofika huko miaka ya 1860 walikuta katikati ya bonde kavu tabaka la chumvi lenye unene wa mita 13 hivi, limejipanga pande kwa pande, na katikati ya pande kuna utando mwembamba wa udongo. Kila pande lilikuwa ni ziara moja ya bahari ya kale: iliingia, mlango ukazibwa na mchanga, ikakauka, ikaingia tena. Machi 1869 walifungua Mediterania ikamwagika juu ya chumvi hiyo, na miezi ikapita kabla bonde halijajaa. Novemba mwaka huo merikebu zilipita juu yake. Maji ya maziwa yalibaki makali kwa miongo mingi huku lile pande likiyeyuka taratibu, lakini yakaendelea kupungua ukali, kwa sababu kaskazini kuna bahari, kusini kuna bahari, na kupwa na kujaa kwa Suez kunayasukasuka kila siku.

Huyu de Lesseps ndiye yule aliyemshika mkono Roudaire. Alikuwa amekwisha kuingiza bahari katika bonde la chumvi la jangwani, na akaona limefanikiwa. Alichosahau kukihesabu ni mlango wa pili. Suez ilikuwa nao. Melrhir haikuwa nao, na hapakuwa na upande wa kuufungulia: nyuma yake ni Sahara tupu.

Mwaka 1882 tume ya serikali ya Ufaransa, chini ya Waziri Mkuu Freycinet, iliupima mradi ikaukataa kwa gharama. Roudaire akafa mwaka 1885. Miaka 20 baadaye Jules Verne alitoa riwaya iliyoifufua ndoto hiyo, na hata yeye, aliyewarusha watu kuelekea mwezini kwa mzinga, mwishoni aliwaweka kando wachimbaji: bahari katika kitabu chake inaletwa na tetemeko la ardhi. Verne naye aliumaliza mkasa siku maji yalipoingia. Miaka 11 iliyofuata hakuiandika.